Ndugu Shangazi

Karakana ya Mabango
6 Januari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye hajambo, na za mama yako, ambaye pia hajambo ila analisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaka kuulizwa mara ya pili. Dada yako amejifungua salama. Mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya muuza magazeti. Tukikaa karakana tunamsikia kutoka nyumba ya tatu na tunafanya kazi kwa mdundo wake.

Barua hii naisema mimi, Bi Rangi anaandika, kwa sababu mikono yangu imejaa rangi. (Mimi Bi Rangi, mchanganya rangi wa hapa, nakusalimu. Mikono yake ni safi kabisa, lakini hayanihusu.)

Sasa nije kwenye jambo. Nimechoka, mwanangu. Mwaka huu usiishe kabla sijakukabidhi karakana. Usiniulize kwa nini, mtu akichoka amechoka. Tuliianzisha mimi na marehemu baba yako kwa brashi mbili na ngazi ya kuazima, na sina mwingine wa kumwachia. Yule tunayemwita Bwana Plastiki, mwenye mashine inayotapika mabango kutwa nzima, amekuja mara mbili kuniamkia. Jirani akikuamkia mara mbili kwa wiki ujue ana lake. Anapima kuta zangu kwa macho. Akinunua, Bi Rangi na Kimya, mchoraji mwenzangu, wako nje siku hiyo hiyo, na humu ndani itakuwa stoo ya mapipa.

Kwa hiyo njoo. Kiwanda cha biskuti si kitu cha kumweka mtu mbali na kwao.

Wako,
Shangazi


Kiwandani
2 Februari

Ndugu Shangazi,

Salamu za mapambano! Mimi ni mzima, natumaini nanyi ni wazima. Mpe dada hongera. Mwambie mama nimemuuliza mara ya pili.

Utaona sikuanza na shikamoo. Si utovu wa adabu. Tuna darasa letu kila Alhamisi, wafanyakazi tunasoma pamoja, na Mwalimu wetu ametufafanulia kwamba shikamoo ni mabaki ya ukabaila. Ni kama kusema nashika miguu yako. Watu walio sawa hawashikani miguu. Kwa hiyo nakuita Ndugu, na ukitaka na wewe niite Ndugu.

Kuhusu karakana, nimefikiri sana na jibu ni hapana. Siwezi kuwa mmiliki. Dunia, shangazi, imegawanyika pande mbili: wenye vyombo vya kazi, na wenye mikono mitupu. Wenye vyombo wanakula jasho la wenye mikono. Na juu ya hao wote amekaa beberu, anayechukua kila kitu chetu kikiwa kibichi na kuturudishia kimeiva kwa bei ya kutuua. Wewe kwa lugha ya kisayansi ni bwanyenye mdogo. Usikasirike. Hilo si tusi, ni tabaka.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Feni ya humu ofisini ilipeperusha karatasi zangu na mwezi huu kulikuwa na mengi ya kupanga.

Wako katika mapambano,
Mtoto wa kaka yako


Karakana ya Mabango
20 Februari

Wewe mtoto,

Marahaba. Nimeitikia hata kama hukuamkia, kwa kukata tamaa tu.

Tuanze na hili la Ndugu. Ndugu ni mimi na baba yako. Wewe ukiwa ndugu yangu, basi mama yako ni mama yangu, na mimi yule namwita wifi tangu siku ya harusi yao na sina mpango wa kuanza kumpa heshima ya mama leo. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema, "Niletee maji, mwanangu."

Na miguu yangu, nani alikuomba uishike? Miguu ina rangi hadi kwenye visigino. Mimi nataka neno, miguu kaa nayo mbali.

Bwanyenye mdogo! Mimi, mwenye jozi mbili za viatu na moja inaingiza maji! Kimya anakunywa chai yangu vikombe vitatu kabla hajagusa penseli. Mteja akikataa bango, nani anatukanwa? Ngazi ikivunjika, nani anaitafuta nyingine? Hayo Mwalimu wenu wa Alhamisi hakuyafikia, au darasa liliisha mapema?

Lakini kwenye ubeberu sibishi. Hapo umenena. Rangi nyekundu tunayonunua, Bi Rangi anaapa ni udongo wetu wenyewe uliopanda meli, ukasagwa, ukarudi kwenye kopo lenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Na kila kopo likija ni jepesi kuliko la kabla yake. Tukilalamika tunaambiwa ni soko la dunia. Huyo soko la dunia sijawahi kumwona akija kuomba radhi. Mama yako aliposikia neno beberu alidhani unamsema yule mbuzi dume wa jirani aliyekula pazia la kinyozi, na yeye akasema anaunga mkono apigwe vita.

Hujanijibu kuhusu karakana kwa maana. Umenijibu kwa vitabu. Mimi niliuliza kama unakuja.

Shangazi yako, si ndugu yako

(Mimi Bi Rangi. Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai. Tuna swali. Hilo la kula jasho linahesabiwaje? Kimya aliacha kutafuna.)


Kiwandani
25 Machi

Ndugu Shangazi,

Salamu kwa wote. Nafurahi mtoto ananenepa.

Mjibu Bi Rangi hivi: hilo tunaliita thamani ya ziada. Mfanyakazi akioka biskuti kumi, tatu zinatosha kumlisha yeye, saba zinakwenda kwa tajiri ambaye hakushika hata unga. Ndivyo inavyohesabiwa.

Kuhusu biskuti, darasa letu limepata mtikisiko. Tulikuwa tunaletewa biskuti zilizovunjika za humu kiwandani tunywe nazo chai. Wenzetu wenye msimamo mkali wakasimama wakasema biskuti hizi ni tunda la dhuluma, mwanamapinduzi hazili. Wengine wakajibu kwamba kuzila ndiko kuirejesha thamani ya ziada kwa mwenye nayo, yaani mdomoni. Sasa tuna kambi mbili, Walaji na Wagomaji, na hawakai benchi moja. Mwalimu amesema yeye hayuko upande wowote, ila Walaji wameona chembe kwenye ndevu zake.

Hata hivyo tumeungana kwenye jambo moja. Wenzetu wa chumba cha tanuri wanapikwa pamoja na biskuti. Madirisha yamefungwa kwa kufuli kwa sababu meneja anasema vumbi linaingia kwenye unga. Mwezi wa nne mwishoni tunaandamana uwanjani pale pale kiwandani. Tunahitaji bango kubwa, jekundu, la maneno mawili: TUKOMESHE UNYONYAJI. Nimewaambia wenzangu shangazi yangu atatuchorea kwa moyo wa mshikamano, yaani bure.

Mwandiko unayumba kwa sababu kiti hiki cha kuzunguka, chenye magurudumu, kinateleza.

Wako katika mapambano,
Mtoto wa kaka yako


Karakana ya Mabango
14 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako anasumbuliwa na goti, goti linatusumbua sisi. Mtoto ameanza kucheka na watu, hachagui tabaka.

Bango limetoka leo na mzigo. Sasa nifundishe. Kitambaa changu, rangi yangu, mgongo wa Kimya, na wewe unalichukua bure. Hizo biskuti saba zikienda kwa tajiri zinaitwa dhuluma. Zikienda kwa wanamapinduzi zinaitwa mshikamano? Uliza Alhamisi.

Kitambaa chekundu kimekwisha. Nimewawekea waridi. Kwa mbali ni nyekundu iliyochoka, msilalamike. Na zahanati nao wamechukua waridi hiyo hiyo, maana nesi mkuu ameagiza bango la kuhimiza kina mama wanyonyeshe: TUDUMISHE UNYONYESHAJI. Tumeyafanya yote mawili siku moja, kwa utaratibu wetu wa siku zote, mimi nachora neno la kwanza, Kimya anamalizia. Wateja wanaijua herufi yangu ya kwanza kama wanavyoijua sura yangu.

Umeniharibia watu. Juzi wakati wa chai Kimya alisema "ziada." Kimya! Mwaka mzima hajasema zaidi ya "naam" na "ngazi." Bi Rangi naye ameniuliza, kwa heshima, lile bango la duka la viatu alichanganya rangi nani, akachora nani, na aliyenenepa ni nani. Nikamwambia mimi nimenenepa kwa sababu ya umri. (Hakutuambia hivyo. Alitufukuza chai, halafu akatuita tena.)

Swali dogo. Wapika biskuti siku hizi wanakaa kwenye viti vya magurudumu? Na feni? Nauliza tu.

Mwaka unakwenda. Bwana Plastiki amekuja na ndizi.

Shangazi yako


Kiwandani
9 Mei

Ndugu Shangazi,

Sina hata moyo wa kuuliza hali. Mmetumaliza.

Siku ilianza vizuri. Watu wa tanuri walitoka wote, na wa kufunga pakiti, hata Walaji na Wagomaji walishikana mikono. Wawili warefu wakainua bango mbele. Unajua mwenye kubeba bango halioni, na walio nyuma yake wanaona mgongo wa kitambaa tu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelisoma kwanza, kutoka dirisha la juu. Shangazi, lilikuwa limeandikwa, kwa herufi zako nzuri zinazoonekana maili nzima:

TUDUMISHE UNYONYAJI

Na kwa rangi ya waridi!

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Pindueni! Pindueni!" nikiwa na maana walipindue lile bango watu wasilione. Wao wakadhani ni kaulimbiu. Uwanja mzima ukaitikia "Pindueni! Pindueni!" na bango likapandishwa juu zaidi. Ndipo meneja akatoka. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema hajawahi kuona wafanyakazi wenye shukrani namna hii. Ameliomba bango. Limetundikwa chumba cha kulia, tunakula chini yake kila siku. Madirisha hayajafunguliwa.

Wagomaji wanasema ni hujuma ya mabwanyenye wadogo, na bwanyenye mdogo pekee wanayemjua kwa anwani ni wewe. Naomba maelezo kwa maandishi.

Mtoto wa kaka yako


Karakana ya Mabango
27 Mei

Mwanangu,

Maelezo haya hapa. Lenu lilikuwa jema ukilinganisha na la zahanati.

Wao walitundika lao getini siku ya kupima watoto, kina mama wamejaa hadi barabarani, na bango linawaambia TUKOMESHE UNYONYESHAJI. Dada yako ndiye aliyekuja mbio kuniambia, mtoto yuko kifuani hajaachia ziwa, maana huyo hajui kusoma. Wengine walidhani serikali imeleta mpya. Nesi mkuu alinijia na mkasi mkononi, sijui ulikuwa wa bango au wangu. Bibi mmoja tu ndiye aliyesimama kulitetea. Alisema lisiguswe, mjukuu wake ana miaka mitatu na akitaka kunyonya anasogeza kigoda mwenyewe.

Nikamwita Kimya. Nikamwambia, wewe uliona neno la kwanza si la bango hilo, ukamalizia tu? Akaniambia, "Nilisoma nikaona halina maana, nikajua ni siasa."

Basi. Maneno ya kwanza nilichora mimi, nikayaweka yasipo. Mwanga wa humu ndani siku ile ulikuwa mbaya. Waambie Wagomaji wako hakuna hujuma. Nimelichora la zahanati upya, na lenu jipya liko njiani, na Kimya safari hii amelisoma kwa sauti.

Sasa zamu yangu kuomba maelezo. Wenzako walikuwa uwanjani. Wewe ulikuwa unafanya nini ghorofani?

Shangazi yako

(Mdogo wangu, mwanga wa humu ndani ulikuwa mzuri sana siku ile. Amesema nifunge barua, mimi naandika hili kwanza. Toka mwaka uanze barua zako hazisomi yeye, nazisoma mimi. Ni macho. Juzi aliliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Usimwambie nimekuambia.)


Kiwandani
30 Juni

Shikamoo shangazi.

Usisherehekee. Nimelitoa kwa hiari yangu na nina hoja zangu bado.

Nimekaa na karatasi hii wiki mbili. Nilikuwa ghorofani kwa sababu ofisi yangu iko ghorofani. Mimi ni msimamizi wa zamu. Nilipewa cheo mwaka jana, kabla ya barua yako ya kwanza, na ilipofika sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukuandalia ile ya bwanyenye mdogo. Darasani nilikuwa nimewaeleza kwamba nimeingia ndani ya ngome ya adui ili niijue. Baada ya maandamano wakapiga kura kama nibaki au nifukuzwe. Walaji wote walinitetea, Wagomaji wote wakanikataa, kura zikalingana. Mwalimu akaamua. Alisema amehuzunika, akachukua biskuti, akanifukuza.

Lakini kuna baya zaidi na nitalisema. Funguo za madirisha ya tanuri ziko kwenye droo yangu. Zilikuwa humo siku zote. Niliandika makaratasi juu ya yale madirisha, nikaagiza bango, nikaeleza namna ubeberu unavyohusika, na feni ilikuwa inanipuliza kisogoni. Sikuwahi kufungua hiyo droo. Nilikuwa nangoja mfumo mzima uanguke, kisha madirisha yafuate. Juzi nilishuka nikayafungua. Mzee mmoja wa tanuri alikuja akasimama dirishani na macho amefumba, hakuniambia hata ahsante, na sikustahili. Meneja amenipa onyo. Nimeona aibu, shangazi, aibu ambayo haina kitabu.

Bado naamini tuliyosoma ni kweli. Unga wetu bado unaondoka na kurudi. Ila sasa najua unaweza kusema kweli tupu na huku umekalia funguo.

Nimeamua. Nitakuja niichukue karakana. Nimechora ramani, iko ndani ya bahasha. Kwenye kona ya ngazi tuweke ofisi ndogo ya kioo niweze kuona kazi inavyokwenda. Bi Rangi tutampa cheo.

Na shangazi, wewe hujawahi kukosea neno toka nizaliwe. Una nini?

Mwanao


Karakana ya Mabango
18 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya akiba.

Hilo la funguo nilisomewa mara mbili. Ya kwanza niliona hasira. Ya pili nikamwonea baba yako fahari, maana angekuchapa kisha angekuheshimu.

Bi Rangi amekiri alichokuandikia, kwa hiyo tusizungushane. Ni macho. Daktari anasema ukungu uko nyuma ya jicho, si mbele, hauoshwi wala haukwanguliwi. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kwa huruma. Mimi nilitaka uje kwa tamaa ya mali. Huruma huchoka, tamaa haichoki.

Sasa kaa chini. Umekuja na jibu lako, lakini umelikuta gari limeondoka. Mwanzo wa mwezi huu Bwana Plastiki alinijia na karatasi ya kuuziana na kalamu yake mwenyewe. Nikawaita hawa wawili nikawaambia ukweli: mtoto hataki, macho hayataki, nifanye nini? Bi Rangi akaanza kulia. Kimya akasema, "Tupe sisi." Maneno mawili, ameyatafuta miaka mingapi sijui. Nikamuuliza kama ndiyo hayo ya ziada. Akasema hapana, ni hayo ya ngazi, yeye ndiye anayeipanda.

Nimewapa. Tumeandikishana watatu, mimi mmoja wao, na kila mtu na sauti yake. Usidhani darasa lenu limenigeuza. Bado nasema kitu cha wote hakifagiliwi na yeyote. Ila nimewaangalia hawa wawili, nikaona wanafagia kabla hawajaambiwa, na wewe uko mbali unaniandikia tabaka langu. Ningefanyaje?

Ramani yako tuliisoma. Kimya alipofika kwenye ofisi ya kioo alicheka. Sikujua ana kicheko. Ni chembamba sana.

Shangazi yako

(Cheo sikitaki, ahsante. Nina theluthi.)


Kiwandani
2 Agosti, asubuhi

Shangazi,

Sijaamini macho yangu. Umegawa karakana? Bila kuniuliza? Ile ni mali ya ukoo! Ni jasho la baba yangu! Mimi ndiye mrithi, mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, watu wa nje wanapewaje mali ya ukoo kirahisi hivyo kwa sababu wanapanda ngazi? Kila mtu anapanda ngazi! Naomba usitishe jambo hili mara moja mpaka nifike. Nitaleta mwanasheria.

Mtoto halali wa kaka yako


Kiwandani
2 Agosti, jioni

Shikamoo shangazi,

Kama barua ya asubuhi imekufikia kwanza, mwombe Bi Rangi asiisome. Kama ameshaisoma, mwombe asimwonyeshe Kimya. Kama Kimya ameshaiona, basi niambie tu kama amecheka tena.

Niliipeleka posta, nikarudi, nikakaa chumba cha kulia, nikainua kichwa na lile bango lenu la waridi likanitazama. Nikajiona. Miezi sita nakuita bwanyenye mdogo, na nimekuwa bwanyenye mzima kwa asubuhi moja, tena wa kutishia watu mwanasheria. Nilicheka peke yangu mpaka wa tanuri wakadhani nimepatwa na joto.

Mlichofanya ndicho nilichokuwa nahubiri. Kiliniuma kwa sababu safari hii kilinihusu. Hilo nitalikumbuka kila nikisikia mtu anasema wengine waachie mali zao.

Nimeacha kazi. Funguo nimemkabidhi yule mzee wa tanuri, na meneja hajagundua. Kama mtanipokea nitakuja kama mwanafunzi, bila theluthi, bila ofisi, bila kiti. Ulizeni kikao chenu.

Mwanao


Karakana
19 Agosti

Mwanangu,

Hii naiandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Bi Rangi nimemtuma sokoni. Ana wema mwingi na masikio mengi.

Zote mbili zilifika pamoja na zilisomwa zote, ya jioni ikatangulia kwa bahati yako, kwa hiyo ya asubuhi tuliisikia tukiwa tumeshakusamehe. Kimya alilazimika kutoka nje.

Kikao kimekaa. Bi Rangi alisema ndiyo. Kimya alisema naam. Mimi nilipiga kura ya hapana, kwa ajili ya yule mwanasheria. Nimeshindwa, mbili kwa moja, ndani ya karakana niliyoianzisha mwenyewe. Ndiyo haya mlikuwa mnayapigania? Hongereni. Umekubaliwa. Utaanza kwa kuosha brashi na hutapewa herufi yoyote mpaka Kimya aridhike, na Kimya akiridhika hasemi.

Lakini sikukaa chini kuandika hayo. Herufi kubwa bado naziona. Nyuso naziona mtu akinisogelea. Mtoto wa dada yako nimemleta mpaka kwenye pua yangu na sasa najua ana kidevu cha baba yako. Wewe nimeanza kukupoteza. Nakumbuka masikio, na namna ulivyokuwa unasimama, katikati pamefutika. Daktari hasemi lini. Nimemuuliza kwa ukali na bado hasemi.

Watu wote wakiandika barua huandika njoo unione. Mimi naandika njoo nikuone. Usingoje mwisho wa mwezi, usiage watu. Njoo na sura yako.

Shangazi